Muulize Fundi wa Jukwaa: Radi ya kutengenezwa, cheche zinazoimba na mtu wa mavazi ya chuma

Barua za mara hii karibu zote zimeuliza jambo moja: koili za Tesla, zile nguzo zenye pete nono ya alumini kichwani zinazorusha radi jukwaani hadi watu wanaziba masikio. Ni miaka mingi sasa kazi yangu ni kusimama nyuma ya pazia mkono ukiwa kwenye swichi ya dharura, kwa hiyo mmenigusa penyewe. Baadhi ya maswali nimeyafupisha.

*Shikamoo Fundi. Juzi nilikwenda kutazama onyesho la sayansi nikakaa safu ya tatu. Cheche zilikuwa ndefu kuliko mtu mzima. Nafundisha fizikia sekondari na transfoma naijua, lakini bado najiuliza: umeme wa volti 230 unafikaje kuruka mita mbili hewani? Transfoma yake ina ukubwa gani?* — Mwalimu wa safu ya tatu

Marahaba, Mwalimu. Transfoma imo, ila kazi yake ni ndogo kuliko unavyodhani. Inapandisha zile volti 230 hadi 10,000 au 15,000, basi. Peke yake ingetoa cheche isiyofika hata urefu wa kidole.

Utamu unaanzia hapo. Umeme huo unajaza kapasita, kifaa cha kuhifadhi umeme kwa muda. Kapasita ikishiba, hewa iliyo kati ya vyuma viwili, mahali tunapopaita pengo la cheche, inashindwa kuvumilia na kupasuka kwa mshindo. Hewa iliyopasuka inapitisha umeme, kwa hiyo pengo limegeuka swichi iliyowashwa ghafla. Kapasita inamwaga shehena yake yote kwenye koili ya msingi, ambayo ni mizunguko kumi hivi ya bomba la shaba. Umeme huo hauishii hapo. Unakwenda na kurudi kati ya kapasita na koili, mara laki moja hivi kwa sekunde, huku ukififia.

Katikati ya bomba hilo la shaba imesimama koili ya upili: mwanzi wa plastiki uliozungushiwa waya mwembamba wenye vanishi, mizunguko elfu moja au zaidi, kila mmoja umelala ubavuni mwa mwenzake bila kupandana. Juu yake ndiyo ile pete. Koili hiyo na pete yake zina masafa yao ya asili, yaani idadi ya mitikisiko ya umeme kwa sekunde, na fundi anahakikisha masafa ya pande zote mbili yanalingana. Yakilingana, kila mtikisiko wa koili ya msingi unaukuta ule wa upili uko tayari kuupokea. Umewahi kusukuma gari lililokwama topeni? Ukilisukuma kwa nguvu zako zote mara moja, halitoki. Ukiliacha lirudi nyuma kidogo, ukalisukuma linapoanza kuja mbele, ukarudia kwa kufuata mdundo wake, linatoka. Nguvu ni zilezile. Umepatia wakati tu.

Hiyo ndiyo tofauti ya koili ya Tesla na transfoma mliyoisoma darasani. Transfoma ya kitabuni inategemea uwiano wa mizunguko. Hii inategemea kuitikiana kwa masafa. Ndiyo maana haina kiini cha chuma, na ndiyo maana ukikosea masafa kwa asilimia chache unabaki na kelele tupu na kicheche cha kuaibisha.

Sasa nikuambie jambo ambalo vijana wengi wanaojenga koili zao za kwanza hawalitegemei. Tunarekebisha masafa kwa kusogeza kibanio kwenye bomba la shaba, nusu mzunguko huku, robo mzunguko kule. Mtu makini anapima kwa vyombo, anapata masafa yamelingana sawasawa, anabana, anawasha, na cheche zinatoka fupi. Sababu ni kwamba cheche yenyewe ni kipitishi cha umeme kilichojitokeza hewani. Ikitoka, ni kana kwamba pete imeongezwa ukubwa, na masafa ya koili ya upili yanashuka. Kwa hiyo unatakiwa kukibana pale ambapo vipimo vinasema umepitiliza kidogo, masafa ya msingi yawe chini. Cheche zikianza kutoka, koili ya upili inashuka na kuukuta msingi ukiisubiri. Nimeona robo mzunguko ikigeuza cheche ya kufika kiunoni kuwa cheche ya kuvuka jukwaa.

*Mtangazaji wa onyesho alisema "volti milioni tano". Kweli au chumvi?* — Mdadisi

Chumvi, tena ya kiganja kizima. Hesabu anayofanya mtangazaji naifahamu. Kitabuni imeandikwa kwamba hewa kavu kati ya vyuma laini hupasuka kwenye volti milioni tatu hivi kwa kila mita. Anaona cheche ya karibu mita mbili, anazidisha, anapata zaidi ya milioni tano, anapigiwa makofi.

Tufanye hesabu kwa upande wa pili, kuanzia kwenye kapasita. Chukua kapasita ya nanofaradi 20 iliyojazwa kwa volti 15,000. Nishati iliyomo ni jouli 2.25, ambayo ingetosha kuinua mzigo wa kilo moja kwa sentimita 23 tu. Pete na koili ya upili kwa pamoja huwa na uwezo wa kuhifadhi umeme wa pikofaradi 30 hivi. Hata nishati yote ikihamia juu bila kupotea chembe, volti haziwezi kuzidi 387,000 au karibu yake. Na kupotea inapotea, maana pengo la cheche peke yake linakula sehemu nzuri. Koili nyingi mnazoziona majukwaani ziko kwenye malaki ya volti. Milioni kadhaa ni za mitambo michache mikubwa mno.

Utauliza basi cheche ndefu inatoka wapi. Inatoka kwenye kurudia. Pengo halipasuki mara moja. Linapasuka mara mia na zaidi kila sekunde. Mpasuko wa kwanza unatoa cheche fupi. Njia iliyopita cheche hiyo inabaki na hewa ya moto, nyembamba, rahisi kupitika, na kabla haijapoa mpasuko wa pili unapita humohumo na kusogea mbele kidogo. Wa tatu hivyohivyo. Unachokiona kama radi moja ndefu ni kazi ya mipasuko mingi iliyoungana. Angalia vizuri utaona cheche zinapanda juu taratibu huku zimejipinda: ile ni hewa ya moto inayoelea, na umeme umekataa kuiacha.

Kanuni ya mafundi ni kwamba ukitaka cheche iwe ndefu mara mbili, andaa umeme mara nne. Ndiyo sababu mitambo mikubwa inakula umeme wa kutisha. Ule uitwao Electrum, sanamu yenye urefu wa karibu mita 12 iliyosimamishwa New Zealand mwaka 1998, unatumia kilowati 130.

Kabla ya koili hizi watu walijaribu njia ya nguvu tupu. Mwaka 1877 fundi mmoja wa London, Apps, alimtengenezea mwanasayansi William Spottiswoode koili yenye kiini cha chuma na waya wa kilomita 450 hivi. Ilitoa cheche ya mita moja na kidogo. Kilomita 450 za waya kwa mita moja ya cheche! Nikola Tesla alipokuja na mbinu yake ya masafa mwaka 1891, kazi ya namna hiyo ikaweza kufanywa na waya wa kubebwa mkononi. Mei mwaka huo alisimama mbele ya wahandisi katika Chuo cha Columbia, New York, kati ya mabamba mawili makubwa ya zinki, akiwa ameshika neli za kioo zinazowaka bila waya wowote. Kwa maoni yangu ukumbi ule ndipo sanaa hii ya jukwaani ilipoanzia. Alikuwa mhandisi, lakini kutega macho ya watu alikujua vizuri kuliko wasanii wengi ninaowafungia nyaya leo.

*Fundi, yule mtu anayevaa nguo za chuma na kucheza huku radi zinampiga kichwani, kwa nini hafi? Rafiki yangu anasema umeme wa masafa ya juu hupita juu ya ngozi tu, hauingii ndani, kwa hiyo hata bila nguo ile angepona.* — Wawili tunaobishana

Rafiki yako ashindwe kwenye ubishi huu kabla hajajaribu.

Ni kweli umeme wa masafa ya juu hupenda kupita juu. Lakini hiyo ni habari ya chuma. Kwenye shaba, kwa masafa ya laki moja kwa sekunde, umeme unazama robo ya milimita hata haifiki. Mwili wa mtu si shaba. Unapitisha umeme vibaya mno ukilinganisha na chuma, na kwa masafa hayohayo kina cha kuzama ni zaidi ya mita moja. Hakuna mtu mnene kiasi hicho. Umeme unapita ndani: misuli, mishipa, kila kitu.

Kinachowadanganya watu ni kutosikia maumivu. Neva zetu hazifuatilii vizuri umeme unaogeuka upesi namna hiyo, kwa hiyo mtu hashtuki kama anavyoshtuliwa na umeme wa ukutani. Joto lakini linabaki palepale, na mwili unaungua kwa ndani, hasa mahali pembamba kama kidole na kifundo cha mkono, bila mwenyewe kupewa onyo la kutosha. Tena koili za jukwaani hazitoi mtiririko laini. Zinatoa vishindo mamia kwa sekunde, na vishindo hivyo neva inavisikia. Halafu kuna hatari mbaya kuliko zote: cheche ikiruka kutoka juu ikagusa bomba la shaba la msingi, inaweza kufungulia njia umeme wa transfoma, ule wa masafa ya kawaida, uje hadi kwa mtu. Huo unasimamisha moyo. Kuzuia hilo tunazungusha juu ya koili ya msingi duara la bomba lililofungwa ardhini, ili cheche inayoshuka ifikie pale.

Sasa nguo. Mwaka 1836 Michael Faraday alijenga chumba cha mraba, zaidi ya mita tatu na nusu kila upande, akakifunika kwa waya na karatasi ya metali, akaingia ndani na vyombo vyake vya kupimia. Nje umeme unapasuka pembeni mwa kuta, ndani vyombo havikuonyesha kitu. Nguo za mchezaji ni chumba hicho kilichoshonwa kwa umbo la mtu: wavu wa chuma kuanzia kofia hadi soli, uso ukiwa nyuma ya wavu, glavu zimeungana na mikono, suruali imeungana na viatu, na njia nene ya kushusha umeme ardhini. Umeme unapita kwenye wavu na mtu yumo ndani anatoa jasho.

Mimi sikagui nguo ile kwa kuitazama. Naikagua kwa vidole, mshono kwa mshono, kisha kwa mita. Kifundo cha glavu ndicho kinachochoka kwanza, kwa sababu mchezaji anakunja mkono usiku kucha na nyaya nyembamba zinakatika moja moja. Pengo dogo pale linatosha cheche kutafuta njia ya ndani. Nikikuta nyaya zimekatika, onyesho linaendelea bila mchezaji, na meneja anaweza kununa apendavyo. Kuna wasanii wanaogusa cheche kwa fimbo ya chuma wakiwa mikono mitupu. Wengine wamefanya hivyo kwa miaka. Kwenye jukwaa ninalolisimamia hawafanyi.

*Mimi ni mpiga kinanda. Nimesikia koili inayopiga muziki, na jirani yangu ananiapia kwamba kuna spika imefichwa. Imefichwa?* — Mpiga kinanda

Haikufichwa. Cheche ndiyo spika.

Kila cheche inapotoka hewa inayoizunguka inapata moto ghafla, inatanuka, na unasikia "pa!". Zikitoka mia moja kwa sekunde sikio haliwezi tena kuzihesabu; linasikia mngurumo mzito. Zikitoka 440 kwa sekunde unasikia ile La mnayolinganishia ala. Masafa ya koili yenyewe, makumi elfu kwa sekunde, sikio la binadamu haliyafikii kabisa, kwa hiyo hayakusumbui. Unachosikia ni idadi ya vishindo.

Pengo la cheche la zamani haliwezi kuamrishwa kwa ustadi huo. Koili zinazoimba zimeliondoa na kuweka transista kubwa, swichi za kielektroniki. Kinanda kinatuma noti, kompyuta ndogo inazigeuza kuwa amri za "washa, zima", na amri zinakwenda kwenye koili kwa faiba, waya wa mwanga, ili pasiwe na metali yoyote kati ya vidole vyako na mtambo. Kila kuwaka hudumu sehemu ndogo tu ya sekunde, mara nyingi mikrosekunde mia moja au mia mbili. Ukirefusha kidogo, cheche inarefuka na sauti inakua. Kwa hiyo sauti kubwa na cheche ndefu vinakwenda pamoja. Huwezi kuomba radi kubwa inayonong'ona.

Kwa mwanamuziki kuna masharti. Kodi, yaani noti kadhaa za pamoja, zinapigwa kwa kuchanganya vishindo vya kila noti, na zikizidi tatu nne zinaanza kukanyagana. Noti za juu sana zinadai vishindo vingi, transista zinapata moto, inabidi kila kishindo kifupishwe. Na sauti ni ya ukali, ya kukwaruza, haibembelezi. Ndiyo maana nampa heko mwanamuziki Björk, ambaye kwenye maonyesho yake ya Biophilia mwaka 2011 aliipa koili besi, noti fupifupi zinazodunda chini ya sauti yake, badala ya kuilazimisha iimbe wimbo mzima. Kundi la ArcAttack la Austin, Texas, lililowafikia watu wengi kupitia mashindano ya America's Got Talent mwaka 2010, nalo linaitumia kwa ngurumo za gitaa la roki. Penye ukali, mashine iachwe iwe kali.

*Kijana wangu wa miaka kumi na mitano amefungua tanuri bovu la maikrowevu na kutoa transfoma, anasema atajenga koili ya Tesla chumbani. Nimzuie au nimwache ajifunze?* — Mama mwenye wasiwasi

Mzuie leo, mama yangu, kabla hujamaliza kusoma gazeti. Transfoma ile inatoa volti elfu mbili hivi zenye ampea za kutosha kuua, na haimpi mtu nafasi ya pili. Kapasita iliyokuwa karibu nayo inaweza kubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Kuna koili ndogo za transista moja zinazotumia betri na kuwasha tyubu ya taa kwa kuisogeza tu karibu. Aanze na hiyo, na apate mtu mzima anayeijua kazi. Hamu yake usiizime. Hiyo transfoma ndiyo itoke nyumbani.

*Baada ya onyesho koo liliniwasha na kulikuwa na harufu kali. Je, ni moshi? Na bibi yangu ana kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, naweza kumpeleka?* — Mjukuu

Harufu ile ni ozoni, pamoja na gesi za nitrojeni iliyoungana na oksijeni kwa joto la cheche. Ukumbi wenye hewa ya kutosha unaziondoa. Ukumbi mdogo uliofungwa unawasha koo, na hilo ni kosa la waandaaji. Bibi asiende. Koili inatawanya mawimbi ya umeme pande zote. Katika ukumbi mmoja nilishuhudia taa za jukwaa zikijiwasha na kujizima zenyewe kwa sababu nyaya za kuziamrisha zilipitishwa karibu na koili. Taa tunaweza kuicheka, kifaa cha moyo hapana. Wenye vifaa vya kusaidia kusikia nao wavizime na kuvitoa, na waulize waandaaji kabla ya kukata tiketi.

*Kila nikipiga video kwa simu cheche zinatoka vipandevipande, zimekatwa kwa mistari. Simu yangu mbovu?* — Mpiga picha wa safu ya nyuma

Simu ni nzima. Kihisi chake hakioni picha yote kwa pamoja; kinaisoma mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini. Cheche inawaka na kuzimika mara nyingi ndani ya usomaji huo mmoja, kwa hiyo mistari mingine inakuta mwanga na mingine inakuta giza.

Kwa picha ya kusimama fanya kinyume cha haraka. Weka kamera kwenye miguu mitatu, kioo kiwe wazi sekunde moja au mbili, ISO 100, ulenge kwa mkono kwenye ile pete kabla taa hazijazimwa. Cheche nyingi zitajikusanya kwenye picha moja na radi itaonekana nono kuliko jicho lilivyoiona. Ujanja huo ni wa zamani. Ile picha maarufu ya Tesla ameketi kwenye kiti anasoma huku radi zikimvuka kichwani, iliyopigwa Colorado Springs mwaka 1899, ni picha mbili juu ya bamba moja: radi zilipigwa kiti kikiwa kitupu, mtambo ukazimwa, ndipo naye akaja kuketi. Tesla mwenyewe aliliandika hilo. Na flashi yako izime, inamulika visogo vya walio mbele yako tu.